Makala Mbili za Fundi Silvano

Kazi yangu ni kuunganisha. Wenzangu wakistaafu hufuga kuku; mimi nilipostaafu ukutubi nilifuga pia, wakafa kwa kideri wote kumi na wanane, nikarudi kwenye maandishi. Nyumbani kwangu Area D, Dodoma, nina meza, kompyuta aliyoniachia marehemu mume wangu, na hasira za kutosha. Kwa vitu hivyo vitatu nasaidia kutunza kamusi elezo ya Kiswahili iliyoko mtandaoni, ile ambayo mtu yeyote mwenye simu anaweza kuandika makala na mtu mwingine yeyote akaja kuirekebisha.

Watu wanapenda kuandika. Wanachoshindwa ni kutazama kwanza kama jambo hilo limekwisha kuandikwa. Mmoja anaandika makala ya mtama, mwingine anaandika ya ugali wa mtama na kurudia yote ya mwenzake pamoja na makosa. Hapo ndipo ninapoingia mimi. Naweka tangazo juu ya makala zote mbili kwamba zinapendekezwa kuunganishwa, nafungua ukurasa wa majadiliano, nasubiri siku saba. Anayekubali anaandika Naunga mkono. Asiyekubali anaandika Napinga na sababu yake. Siku zikitimia nahamishia habari zote kwenye ukurasa mmoja, na ule wa pili unabaki kuwa mlango tu wa kumpeleka msomaji kwenye ule wa kwanza. Nimeunganisha makala mia tatu na kitu, na nimetukanwa kwa karibu nusu yake.

Mwezi wa tano nilikutana na makala iitwayo "Silvano Ndahani". Ilikuwa makala safi. Ilisema Silvano alikuwa fundi wa visima, mzaliwa wa Kongwa mwaka 1946, aliyechimba kwa mikono, sururu na patasi bila mashine hata siku moja. Kwamba alikuwa mzee wa kanisa. Kwamba alifariki mwaka jana akiwa ameacha mke na watoto watano. Kulikuwa na orodha ya visima na miaka yake. Sentensi zilikuwa zimenyooka mno, na niliona mara moja kwamba aliyeiandika alikuwa amefiwa.

Halafu, nikitafuta kitu kingine kabisa, nikakuta "Silvano Mkimbiaji".

Naileta kama ilivyokuwa. "Silvano Mkimbiaji alikuwa Mgogo mmoja mvivu aliyejitafutia kazi ya kukaa shimoni ili jua lisimwone. Alikuja upande wa Kibakwe mwaka 1974 kwa sababu kwao alikwisha maliza ugali. Alichimba visima kumi na saba, maana kila akimaliza kimoja alisahau alikokichimba. Mwaka 1976 ukuta wa kisima uliposhuka alimwacha msaidizi wake shimoni, akakimbia mpaka Mpwapwa bila kugeuka nyuma. Mbuzi wa njiani walishangaa. Hakurudi tena." Mwandishi alijiita Mzee wa Kapi. Hakuweka chanzo hata kimoja.

Damu ilinichemka. Mtu amekufa juzi, na tayari kuna mpumbavu amekaa mahali anamtukana kwa utaratibu, na aya kaziweka. Lakini kanuni ni kanuni. Fundi ni yuleyule, makala ni mbili. Nikaweka tangazo juu ya zote mbili nikaanza kuhesabu siku saba.

Siku ya kwanza tu jibu lilikuja: "Napinga. Hiyo ya pili ni uongo na ifutwe. Mimi ndiye niliyeandika ya kwanza." Kesho yake, Jumamosi, mwandishi mwenyewe akapiga hodi. Namba yangu na mtaa wangu nimeviweka wazi kwenye ukurasa wangu, kosa ninalolijutia kila mwezi.

Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, amevaa vizuri, ameshika mkoba kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama. Naitwa Gladness. Silvano Ndahani ni baba yangu."

"Marahaba. Pole na msiba. Karibu ukae."

"Asante, sikai. Nimekuja kuomba kitu kimoja, halafu niwahi basi la Kongwa. Ile ya Mkimbiaji naomba uidiliti."

Nilimkalisha kwa nguvu, nikampa chai. Alinieleza kwamba anafundisha hesabu sekondari, na kwamba wanafunzi wake walilitafuta jina la baba yake kwenye simu wakaikuta ile nyingine. Sasa mmoja akichelewa darasani wenzake wanasema amepitia Mpwapwa. Alikuwa akiongea polepole, kama mtu anayebeba ndoo iliyojaa.

"Baba hakuacha ng'ombe wala nyumba ya kutajwa," alisema. "Aliacha jina. Ndilo tulilo nalo."

"Siwezi kufuta kitu kwa sababu kinauma," nikamwambia. "Nafuta kisichokuwa na chanzo. Nitamuuliza aliyeandika amepata wapi. Akishindwa kujibu, naifuta mbele yako."

Hakufurahi kama nilivyotegemea. Alikirudisha kikombe mezani.

"Na akijibu?" akauliza. "Mama, Kibakwe si mbali na kwetu. Baba alikuwa haendi. Shangazi yetu aliolewa huko, harusi haikumwona, msiba haukumwona. Ukimtajia anainuka anakwenda kutazama mbuzi. Mimi naogopa kwamba ni kweli."

Basi shida ilikuwa hiyo. Hakutaka nifute uongo tu. Alitaka nifute kabla haijathibitika kuwa kweli.

Nilimwandikia Mzee wa Kapi pale pale, Gladness akiwa ameketi: "Chanzo cha habari hizi ni kipi?" Gladness akaondoka kuwahi basi lake.

Jioni hiyo nilifanya ninachofanya siku zote kabla ya kuunganisha. Nikafungua makala zote mbili, moja kushoto, moja kulia, nikaanza kupanga miaka. Makala ya binti ilikuwa na visima vya mwaka 1968 hadi 1973, kisha vya 1978 kuendelea hadi fundi alipozeeka. Katikati palikuwa patupu. Miaka minne, hakuna kisima, hakuna kanisa, hakuna kitu. Makala ya matusi ilianza 1974 na kukoma 1976. Ziliingiana bila kugusana popote.

Nikarudi kwenye sentensi moja ya Gladness niliyokuwa nimeiwekea alama ya kosa. Aliandika kwamba baba yake, kwa hesabu yake mwenyewe, alichimba visima sitini na kimoja. Orodha yake ilikuwa na visima arobaini na vinne. Nilidhani mwalimu wa hesabu ameshindwa kujumlisha. Sasa nikachukua arobaini na vinne, nikaongeza vile kumi na saba vya Mzee wa Kapi, kisha nikarudia tena.

Sitini na kimoja kamili.

Niliinuka nikazunguka meza. Huyu mtu anayemwita marehemu mvivu na mlafi alikuwa amehesabu visima vyake vyote vya upande wa Kibakwe, kisima kwa kisima, kwa zaidi ya miaka arobaini, wala hakukosea hata kimoja. Nimefanya kazi na vitabu maisha yangu yote na nimeona chuki ya kila aina ikiandikwa. Chuki haihesabu hivyo. Nilimpigia Gladness nikamwambia ile jumla. Akasema kwamba siku zote walidhani mzee alikosea kwa ajili ya uzee.

Jibu la Mzee wa Kapi lilikuja siku ya tatu, maneno machache tu. "Chanzo ni mimi. Mimi ndiye niliyekuwa shimoni." Chini yake akaweka jina lake, Mwalimu Obedi, na kijiji.

Gladness alilisoma kabla yangu. Aliponipigia hakuwa analia, na hilo lilinitia hofu zaidi.

"Yuko hai," alisema. "Aliyemwacha yuko hai. Mama, nakwenda kumwona. Nataka anitazame usoni aseme. Twende wote, nikimtukana unizuie."

Nikamwambia kwamba kwa kuzuia watu wasitukane mimi si mtu wa kutegemewa, lakini nitakwenda.

Tulifika siku ya tano, kabla ya saa sita mchana. Kijiji chenyewe kiko kwenye mikunjo ya vilima upande wa Kibakwe, na jina lake silitaji, usinisumbue. Mwalimu Obedi tulimkuta uani kwake akipukuchua mahindi, mzee mrefu aliyevaa koti la suti juu ya kanzu ya kazini. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka thelathini, na kabla ya hapo alivuta kamba kwenye visima. Tulimwamkia, akaitikia, akauliza wageni ni akina nani.

"Mimi ni Gladness, binti wa Silvano Ndahani."

Mzee alimtazama kuanzia kichwani hadi miguuni, akaanza kutabasamu.

"Binti wa Silvano? Mbona umechelewa hivi? Nilidhani mbio ziko kwenye damu."

Gladness aligeuka akatembea mpaka kwenye uzio, akasimama huko ametupa mgongo. Mimi ndipo nikafungua mdomo, na kwa kuwa mzee alikuwa amenizidi miaka kumi nilianza kwa adabu, lakini adabu yenyewe haikufika mbali. Nilimwambia kwamba mtoto huyu amesafiri kutoka Kongwa akiwa na jeraha, kwamba jina la baba yake limekuwa kichekesho cha darasani, na kwamba kama ana kinyongo cha miaka arobaini na nane na marehemu angekitolea kaburini na si kwa watoto.

Mwalimu Obedi aliacha kupukuchua. Gunzi lilikuwa bado mkononi.

"Hakuwaambia?" akauliza. "Hata nyumbani?"

"Kuwaambia nini?"

Akaketi juu ya gunia. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa. "Silvano wewe," alisema, si kwetu. "Hata mke wako."

Alimwita Gladness kwa sauti ndogo, akamwambia, "Njoo mwanangu. Nimekukosea. Mimi ni Mhehe, baba yako Mgogo. Mimi ni mtani wake."

Hapo ndipo nilipoona ujinga wangu, na nilistahili kuuona. Nani katika nchi hii hajui utani wa Wagogo na Wahehe? Nimehudhuria misiba ya Dodoma nikaona mtani akijilaza kaburini kuzuia jeneza, akidai kwamba marehemu hana adabu, akivaa koti lake na kuigiza anavyokohoa, na wafiwa wakicheka huku machozi yanawatoka. Anayetukanwa zaidi ndiye aliyependwa zaidi. Ningekuwa nimemsikia Mwalimu Obedi akiyasema yale maneno ningejua mara moja. Lakini nimeyasoma kwenye kamusi elezo, chini ya kichwa cha habari, na mwaka umewekwa, na hakuna mtu anayecheka pembeni. Hata binti, Mgogo wa kuzaliwa, hakuyajua.

"Habari ya msiba ilinifikia miezi minne baadaye," mzee alisema. "Alizikwa bila mtani wake. Nani aliingia kaburini? Nani alimsema? Sikupata raha. Nikaona huko kwenye simu kila mtu anaandika, nikasema basi nitamzikia huko. Niliandika wiki nzima kwa kidole kimoja."

"Lakini kwamba alikimbia?" Gladness akauliza. "Hilo nalo ni utani?"

Mzee alichukua kofia yake. "Twendeni kisimani."

Kisima kilikuwa umbali wa dakika kumi, kwenye bonde dogo lenye migomba. Mdomo wake umejengewa kwa mawe, na juu kuna kapi la chuma kwenye gogo lililolika katikati kwa kamba. Kijijini bomba lipo, linatoka likijisikia. Kisima hakijawahi kukauka. Wakati ule hapakuwa na mtu, ndoo mbili tu zimeachwa kushika foleni.

"Chungulieni," mzee akasema.

Nimeona majengo makubwa. Dodoma siku hizi kila ukigeuka ni ghorofa. Sijawahi kuona kitu kama kile. Futi sabini kwenda chini, duara kamili lenye upana wa mtu kunyoosha mikono nusu, limekatwa kwenye udongo mwekundu kwanza, halafu changarawe, halafu mwamba mtupu, na alama za patasi bado zinaonekana, maelfu kwa maelfu, zikishuka zikiwa zimelala upande mmoja. Ukutani kulikuwa na vidato vya kukanyagia, kushoto kulia, kushoto kulia, hadi vikapotea gizani. Na chini kabisa, kipande cha mbingu na vichwa vyetu vitatu. Mtu mmoja alikuwa ameketi mle ndani kwa miezi, anapiga nyundo, wala hakujua kama maji yapo. Nilishika ukingo kwa mikono yote miwili.

"Mnaona lile jiwe?" mzee akauliza.

Karibu na kina cha mwisho, jiwe kubwa lilikuwa limetokeza ukutani, kona yake imeelekea ndani, na chini yake pamejengewa mawe madogo ya kulishikilia.

Alitusimulia akiwa amekaa ukingoni. Mwaka 1974 watu walihamishiwa pale kwenye kijiji kipya, na kijiji hakikuwa na maji. Wanawake walikwenda mtoni asubuhi wakarudi mchana. Silvano akaletwa, akaanza na vijiji vya jirani. Mwaka wa 1976, siku moja mkuu wa wilaya alikuja kuhutubia kijiji cha jirani na watu wote wakaenda, wakabaki mafundi wawili. Silvano alikuwa amepanda kupumzika, Obedi ameteremka kujaza udongo kwenye karai. Ukuta ukashuka. Obedi alifukiwa hadi kifuani, na juu yake lile jiwe likaanza kutoka.

"Niliona giza linashuka, nikajua ni jiwe. Kumbe ni yeye. Aliteremka kwa vile vidato bila kamba. Akaweka mgongo kwenye jiwe, miguu kwenye ukuta wa pili, akalizuia. Akaniambia chimba. Nilikuwa na karai. Nilijichimbua na karai toka saa nne mpaka saa nane, na yeye yuko juu yangu hivi, ananidondoshea damu kichwani. Wakati huohuo maji yakaanza kutoka. Pale pale. Tulikuwa tumeyatafuta miezi mitano. Yalipofika kwenye magoti yangu yalikuwa mekundu."

Gladness alikuwa ameziba mdomo.

"Nilipotoka nilimkanyaga mapaja kupanda. Nikamteremshia magogo mawili akapachika chini ya jiwe, akaja juu. Mbavu zilivunjika. Mgongoni palikuwa wazi, kona ya jiwe imejichora."

"Alituambia ni baiskeli," Gladness akasema. "Alipougua nilikuwa namwogesha. Lile kovu nimelisugua kwa mkono huu. Nikawa najiuliza ni baiskeli ya namna gani." Akainama tena kuitazama ile kona ya jiwe, akaitazama muda mrefu, na mimi nikatazama pembeni kwa sababu nilihisi nimeingia chumba cha watu.

"Lakini kwa nini afiche?" nikauliza. "Hilo ni jambo la kutangazwa."

"Kwa sababu ya damu," mzee akajibu. "Mwaka uliotangulia fundi mwingine aliumia kisimani, kijiji cha pili. Wazee wakasema maji yaliyoingiwa damu ya mtu hayanyweki. Kisima kikafukiwa na maji yake ndani. Sisi tulikuwa tumeona. Basi nikateka yale maji ya kwanza yote, nikayamwaga kwenye mahindi mpaka yakatoka meupe. Silvano ameegemea rundo la udongo, anapumua vibaya. Akasema, Obedi, wakirudi waambie ukuta ulishuka nikakimbia. Nikamwambia watakucheka mpaka ufe. Akasema, wakicheka watakunywa."

Akajifuta uso kwa kofia.

"Akajifunga shuka mgongoni akaondoka palepale, kwa miguu, na mbavu zile, wasije wakamwona. Watu waliporudi nikawaambia. Wakacheka mpaka wakakaa chini. Wakachota, wakanywa. Yeye nilikuja kukutana naye mara moja tu, mnadani Mpwapwa, baada ya miaka mingi. Nikamwita Mkimbiaji mbele za watu. Alicheka huku amejishika mbavu."

Nilijumlisha kichwani kwa desturi ya kazi yangu. Miaka arobaini na nane. Watoto waliozaliwa, wakaoga, wakapikiwa uji, wakazaa. Kijiji kizima kimekunywa kila siku kutoka kwenye mgongo wa mtu mmoja, na malipo yake ni kwamba kila wakichota wanamcheka, na yeye mwenyewe ndiye aliyeyachagua malipo hayo. Nimeamini Mungu toka utotoni na sikuwahi kuhofu mbele yake kama nilivyohofu mbele ya lile shimo. Nikakaa chini kwenye majani na gauni langu la safari.

"Na sasa?" nikauliza. "Wakijua sasa?"

"Vijana pengine hawatajali. Wazee wapo. Sijui. Miaka yote hii sijathubutu kujaribu." Akamgeukia Gladness. "Lakini wewe ndiye mwenye baba. Ukitaka iandikwe, nitaiandika mimi mwenyewe na jina langu chini. Chanzo wanachokitaka ni mimi. Ni haki yako, mwanangu."

Gladness hakujibu. Na mimi, ambaye nimegombana na watu mia tatu juu ya ukweli na vyanzo, nilikuwa na shahidi aliye hai, jiwe ukutani, kovu, na jumla iliyokamilika. Sijawahi kuwa na makala yenye ushahidi kama ule. Nilitamani kuiandika mpaka vidole vikaniwasha. Nikanyamaza pia, na kunyamaza si kipaji changu.

Wanawake wanne walikuja na madumu yao. Wa mbele, mama wa makamo aitwaye Dorkasi, alimwamkia Mwalimu Obedi na kumuuliza wageni wake wametoka wapi. Mzee alisita.

Gladness ndiye aliyejibu. Alisimama, akapangusa macho kwa kiganja, akanyoosha sketi yake.

"Natoka Kongwa," alisema. "Mimi ni binti wa yule fundi aliyekimbia."

Kicheko kikaanza kwa Dorkasi na kuwashika wote. Mmoja akaweka dumu chini apate kucheka vizuri. Wakamzunguka wakamshika mikono, wakamuuliza kama baba yake alishafika au bado anakimbia, na kama ndoo yake aliyoisahau wampe. Dorkasi akavuta kamba, akajaza kata, akampa kwa mikono miwili.

"Karibu nyumbani, mwanangu. Baba yako alitukimbia lakini maji alituachia. Kunywa."

Gladness alikunywa kata nzima bila kupumzika. Maji yakamtiririka kidevuni na shingoni, na alipomaliza alikuwa anacheka pamoja nao, kicheko cha kweli, na machozi yamechanganyika na maji hivi kwamba hakuna aliyeuliza.

Tulirudi kwa basi, mimi na Gladness. Aliteremka njia panda ya Kongwa, akanishika mkono, akasema "Asante mama", na sikujua atafanya nini. Nyumbani nilikaa na makala zile mbili, kushoto na kulia. Nilifikiri nitaandikaje. Kusema alikimbia ni kuandika uongo nikijua. Kuacha kabisa ni kumwacha na miaka minne mitupu, na visima kumi na saba bila fundi. Mwisho nikaandika rasimu nikaiweka kwenye ukurasa wa majadiliano, visima vyote sitini na kimoja kwa miaka yake, na kwenye mwaka 1976 nikaweka sentensi moja: "Wenyeji husimulia kwamba ukuta wa kisima uliposhuka, fundi alikimbia." Kila neno hapo ni kweli. Wenyeji ndivyo wanavyosimulia. Sikuwahi kujivunia sentensi kiasi hicho, wala kuionea haya kiasi hicho. Hapa nimesimulia yote kwa sababu nimebadilisha kila jina, langu nimelificha, na visima vya upande ule ni vingi, hutakipata.

Siku ya saba nilifungua ukurasa asubuhi, chai mkononi. Mwalimu Obedi alikuwa ameshaandika Naunga mkono, na akaongeza kwamba mimi ni mkutubi mchoyo wa maneno. Juu yake kulikuwa na ile Napinga ya siku ya kwanza. Gladness alikuwa ameikata kwa mstari.

Chini ya mstari aliandika: "Naunga mkono. Sentensi ya kukimbia ibaki, na mtu yeyote asije akaiondoa. Mimi ni binti yake."

Nikaunganisha.